Muhula wa Italia Unapotelea Wapi

Wanafunzi wengi tunaowapeleka Italia kwa mpango wa kubadilishana wanarudi na kozi pungufu. Kijana anaondoka na mpango wa kozi tano au sita, anarudi na matokeo ya kozi mbili, na moja kati ya hizo ni ya lugha ya Kiitaliano ambayo idara yake haina pa kuiweka. Hapo anaanza kuzunguka kwenye korido za chuo chake mwenyewe, kwa mkuu wa idara, kwa ofisa mitihani, kwa mkuu wa idara tena, na mwisho anaambiwa arudie muhula. Lawama huwa tunaitupia baridi, au Kiitaliano, au kijana mwenyewe kwamba alikwenda kutembea. Mimi kazi yangu imekuwa kuwaandaa vijana hawa na kuwapokea wakirudi, na lawama naileta kwetu. Tunawapeleka kwenye mfumo wa mitihani ambao hatujawaeleza, tukitegemea hesabu ya krediti ambayo sisi wenyewe hatujaipiga.

Kwa asiyeujua mpango huu, Erasmus ilianza mwaka 1987 ili vijana wa Ulaya wabadilishane vyuo. Mwaka 2015, chini ya Erasmus+, dirisha lilifunguliwa kwa vyuo vya nje ya Ulaya, na vyuo vya Afrika Mashariki vikapata njia ya kupeleka na kupokea wanafunzi. Mwanafunzi anakaa huko kati ya miezi 2 na 12. Chuo mwenyeji hakimtozi ada. Anapewa posho, ambayo kwa anayetoka kwetu kwenda Ulaya imekuwa kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, pamoja na mchango wa nauli. La kushika hapa ni kwamba anabaki kuwa mwanafunzi wa nyumbani. Italia haimpi shahada. Inampa karatasi ya matokeo tu, na karatasi hiyo ina thamani ile ambayo chuo cha nyumbani kitaamua kuipa.

Tuanze na mtihani. Mwanafunzi wetu amelelewa na kozi weki. Kuna testi ya kwanza, testi ya pili, kazi ya kikundi, halafu ndiyo UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Kwenye vyuo vyetu vingi alama 40 kati ya 100 zinakuwa zimeshapatikana, au zimeshapotea, kabla hajaingia chumba cha mtihani. Mfumo huu una kasoro zake, lakini unamsukuma mtu: akilala wiki ya tano, testi inamwamsha wiki ya sita. Italia, hasa kwenye sheria, historia, fasihi, falsafa na sayansi ya siasa, mhadhiri anaweza kufundisha kuanzia wiki ya kwanza hadi ya mwisho bila kumwuliza mtu yeyote swali. Alama yote inatokana na mtihani wa mwisho, na mtihani huo mara nyingi ni wa mdomo.

Nitaueleza unavyokwenda, kwa sababu wengi wa wanaowaandaa vijana wetu hawajawahi kuuona. Kila kipindi cha mitihani kina tarehe kadhaa, na kila tarehe wao huiita appello. Mwanafunzi anajiandikisha mwenyewe kwenye mfumo wa chuo wa mtandaoni, na usajili unafungwa siku kadhaa kabla. Asiyejiandikisha hatahiniwi, hata akiwa amelala mlangoni. Siku yenyewe watu wanakaa kwenye korido na vitabu mapajani, jina likiitwa mtu anaingia. Ndani kuna profesa na msaidizi wake nyuma ya meza. Swali la kwanza mara nyingi ni la huruma: chagua mada unayoipenda, tueleze. Mwanafunzi anazungumza dakika tano. Kisha profesa anamkatiza na kumtoa pale alipojipanga: hilo ulilosema linapatanaje na hoja ya sura ya tatu ya kitabu kile kingine? Mwandishi huyu anampinga nani? Baada ya dakika 20 au 30 anaambiwa alama yake usoni. Alama ni kati ya 30, ya kufaulu ni 18, na aliyefanya vizuri kupita kiasi anapewa 30 na sifa juu yake. Kwenye kozi nyingi mwanafunzi ana haki ya kuikataa alama palepale na kurudi tarehe nyingine.

Hakuna pasti pepa. Hakuna kuchagua maswali manne kati ya saba. Hakuna kujibu kwa pointi. Na madesa hayafui dafu hapo, maana mtihani umefungwa kwenye vitabu vilivyotajwa kwa jina na kurasa, na profesa anajua kabisa yule aliyesoma kitabu na yule aliyesoma muhtasari wa mwenzake.

Kozi ya kawaida ina krediti 6. Krediti moja ya Italia ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo kozi hiyo ni saa 150. Darasani, kwa masomo ya sanaa na jamii, atakaa saa 36 hivi, pengine 40 na kidogo. Saa 100 na zaidi zilizobaki ni zake na kitabu. Kijana wetu akiitazama ratiba anaona vipindi viwili au vitatu kwa wiki kwa kila kozi, anaona Ijumaa nzima haina kitu, na anapiga simu nyumbani kusema kwamba huku shule ni nyepesi. Wiki ya kumi anagundua kwamba kuna vitabu vitatu vya kurasa 300 kila kimoja, kwa lugha aliyoianza Septemba.

Kuna na hili ambalo sijaona likiandikwa kwenye kijitabu chochote cha maandalizi. Kozi nyingi za huko zina orodha mbili za vitabu, moja ya wanaohudhuria vipindi na nyingine ya wasiohudhuria, na ya wasiohudhuria ni ndefu zaidi, kwa sababu wanatakiwa kufidia kwa kusoma kile ambacho wenzao walikisikia darasani. Muhula wa kwanza unaanza kati ya katikati ya Septemba na mwanzo wa Oktoba. Mwanafunzi wetu ambaye viza yake imechelewa anafika vipindi vimekwenda nusu. Kwa kanuni za kozi nyingi, yeye sasa ni asiyehudhuria. Amechelewa kufika, hajui lugha vizuri, na kitabu kimoja kimeongezwa juu ya mzigo wake. Asipokwenda kumwona profesa wiki hiyohiyo ya kwanza kueleza hali yake, jambo hilo atalijua kwenye korido ya mtihani.

Na kumwona profesa ndiko kunakowashinda. Sisi tumefundishwa kwamba mbele ya mkubwa unasikiliza. Mwanafunzi bora wa kidato cha sita ni yule aliyenyamaza na kuandika. Hata chuo kikuu, wanaoinua mkono kwenye ukumbi wa watu 400 unaweza kuwahesabu. Halafu kijana huyu tunamkalisha mbele ya mtu mwenye mvi na kumtaka aongee nusu saa, abishane, amkatalie profesa kwa hoja. Nimeona vijana wenye GPA ya 4.3 wakipata 20 kwa sababu walijibu kila swali kwa sentensi mbili na kunyamaza kwa adabu, wakisubiri swali linalofuata. Profesa wa Italia akiona kimya haoni adabu. Anaona mtu aliyeishiwa. Ajabu ni kwamba waliopita darsa za Pwani, waliozoea kuketi mbele ya sheikh na kitabu na kuulizwa mstari kwa mstari, huwa wanaanza wakiwa na nafuu kidogo. Nafuu hiyo haifiki mbali, maana darsani unatakiwa useme kilichoandikwa kama kilivyo, na hapa unatakiwa useme kisha uonyeshe pale kinapoyumba. Lakini angalau woga wa kusemeshwa ana kwa ana unakuwa umeshatoka.

Baada ya hapo kuna kalenda. Vipindi vya muhula wa kwanza vinaisha Desemba au mwanzo wa Januari, na mitihani ni Januari na Februari. Ya muhula wa pili ni Juni na Julai, na kuna kipindi kingine Septemba. Sasa soma mikataba tunayosaini. Mingi inampa mwanafunzi miezi minne au mitano, kuanzia Septemba, kwa sababu mtu fulani ofisini alihesabu wiki za vipindi akasahau kwamba huko vipindi na mitihani ni vitu viwili. Kijana anaondoka mwisho wa Januari akiwa amefanya tarehe ya kwanza tu ya kila kozi. Mwenzake wa Kiitaliano akianguka tarehe ya kwanza anarudi Februari, Juni au Septemba. Wa kwetu akianguka tarehe ya kwanza amepanda ndege. Ile haki ya kuikataa alama, ambayo wanafunzi wa huko wanaitumia sana, kwake haina maana yoyote.

Krediti na alama

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Italia inahesabu kwa krediti inayoitwa CFU, ambayo ni ileile ECTS ya Ulaya: saa 25 kwa krediti, krediti 60 kwa mwaka. Tanzania, kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), krediti moja ni saa 10 na mwaka una krediti 120. Mwanafunzi ameleta CFU 24 kutoka Italia, kozi nne za krediti 6. Ofisa mmoja anahesabu kwa saa: 24 mara 25 ni saa 600, gawa kwa 10, krediti 60. Muhula umetimia. Ofisa wa chumba cha pili anahesabu kwa mwaka: 60 za kwao ni 120 za kwetu, basi kila moja ni mbili, na 24 ni krediti 48. Amepungukiwa krediti 12, arudie kozi. Karatasi ni hiyohiyo, kijana ni huyohuyo. Nimeshuhudia hesabu zote mbili zikipigwa kwenye jengo moja.

Msimamo wangu ni kwamba hesabu ya saa ndiyo ya haki. Mifumo yote miwili inaieleza krediti kwa saa za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo saa ndizo kipimo chao cha pamoja. Wanaopinga wanasema kwamba kwa njia hiyo mwaka wa Italia unakuwa na krediti 150 za kwetu, jambo ambalo linaonekana kama kumpendelea aliyesafiri. Jibu ni kwamba mwaka wa Italia ni saa 1,500 na wa kwetu ni 1,200. Aliyefanya saa nyingi zaidi ahesabiwe alizozifanya. Lakini hata chuo kikichagua njia ile nyingine, sitalalamika sana, mradi ichaguliwe kabla ya safari na iandikwe. Dhuluma ni kuamua baada ya kijana kurudi.

Alama zina mtego wa namna yake. Mtu akiona 24 kati ya 30 anaigeuza haraka kuwa asilimia: 80. Kwa vyuo vyetu vinavyotoa A kuanzia 70, hiyo ni A. Na 18, alama ya kufaulu kwa tabu, inakuwa asilimia 60, B+. Ofisa mitihani mwenye akili akiliona hilo anashtuka, na kwa kushtuka anakataa alama zote na kuandika tu kwamba amefaulu, zisihesabiwe kwenye GPA. Aliyepata 30 na aliyepata 18 wanawekwa kapu moja. Ukweli wa mambo ni kwamba alama za Italia hazigawanyiki sawasawa. Kwenye fasihi na lugha, 28 na 30 ni nyingi, na mwanafunzi wa huko akipata 24 anatoka amenuna. Kwenye uhandisi au sheria 24 hiyohiyo ni ya kujivunia. Vyuo vya Ulaya vinalijua hili, ndiyo maana vina majedwali yanayoonyesha ni sehemu gani ya wanafunzi wa fani fulani wanapata kila alama. Jedwali la fani husika likiwekwa pembeni mwa mgawanyo wa alama wa idara yetu, kulinganisha ni kazi ya mchana mmoja. Wengi hatujawahi hata kuliomba.

Yote haya yanatakiwa yawe kwenye waraka mmoja ambao kila mwanafunzi wa mpango huu anausaini kabla ya kuondoka, unaotaja kozi atakazosoma huko na kozi za nyumbani zitakazofidiwa, wenye saini tatu: ya mwanafunzi, ya chuo chake na ya chuo mwenyeji. Kwenye makaratasi ninayoyaona, upande wa Italia umejazwa vizuri na upande wa nyumbani umeandikwa kwa haraka, wakati mwingine neno moja tu: "hiari". Kisha kijana anafika huko, anakuta kozi mbili zimehamia muhula wa pili na nyingine mbili zinagongana kwenye ratiba, anabadilisha kwa mdomo, na anasahau kwamba badiliko linahitaji saini zilezile tatu ndani ya wiki chache za mwanzo. Kozi aliyoichukua bila saini ya nyumbani inabaki yatima.

Yanayosemwa mitaani

Linalorudiwa zaidi ni kwamba mtihani wa Italia ni rahisi kwa kuwa unarudiwa. Kurudia kunamfaa mwenye muda. Wanafunzi wa Kiitaliano wanarudia, na ndiyo sababu wengi wao wanapitisha miaka rasmi ya shahada bila kumaliza. Wana hata jina la hali hiyo, fuori corso, na haiwashangazi. Hakuna kudisko kwa sapu mbili tatu kama kwetu. Mgeni wa miezi mitano hana anasa hiyo.

La pili ni la Kiingereza. Ni kweli kozi za Kiingereza zimeongezeka sana huko, lakini nyingi zaidi ziko ngazi ya umahiri. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza anakuta ngazi yake bado inafundishwa kwa Kiitaliano kwa sehemu kubwa, na kule kwa umahiri haruhusiwi kila mara kuingia. Maprofesa wengi humkubalia mgeni afanye mtihani kwa Kiingereza au aandike insha badala yake, ila ni lazima aombe mapema, kwenye saa za profesa za kuonana na wanafunzi, ambazo zimetangazwa. Kusubiri aulizwe ni kupoteza muda.

La tatu linaletwa na video za vijana walioko Torino au Roma wanaosimulia kwamba mkoa unawalipia chumba na chakula. Hawasemi uongo. Ufadhili wa mikoa upo, unatolewa kwa kuangalia kipato cha familia, na umewasomesha Waafrika wengi. Lakini ni wa waliojiandikisha kusoma shahada nzima kule Italia. Wa kubadilishana ana posho yake ya mpango, inayolipwa kwa mafungu, na kwa kawaida fungu la kwanza humkuta akiwa ameshafika na ameshalipa amana ya chumba. Aende na akiba. Na wale wanaohesabu kazi: kibali cha masomo kinaruhusu saa 20 kwa wiki, zisizozidi 1,040 kwa mwaka. Ukiziweka saa hizo 20 jikoni kwenye mgahawa, zile saa 100 za kitabu utazitoa wapi?

Kuhusu makaratasi sitasema mengi, kwa sababu hapo semina zetu zinajitahidi. Akifika ana siku 8 za kazi kuomba kibali cha kuishi, kwa bahasha anayoichukua posta na stempu ya serikali ya euro 16, kisha anaitwa polisi, Questura, kuchukuliwa alama za vidole. Kadi inaweza kutoka akiwa karibu kurudi nyumbani. Risiti aitunze kama pasipoti. Namba ya kodi yenye tarakimu na herufi 16, ambayo bila hiyo huwezi kupanga chumba kwa mkataba, inaweza kuombwa kupitia ubalozi kabla ya safari, na ni bure. Bima ya afya ya serikali kwa wanafunzi wa nje imepanda tangu 2024 hadi euro 700, na inahesabiwa kwa mwaka wa kalenda: ukiilipia Septemba inakwisha Desemba 31. Kwa muhula mmoja, ulizia bima binafsi inayokubalika. Chumba ni taabu Milano na Bologna. Mwaka 2023 mwanafunzi mmoja wa Kiitaliano alipiga hema mbele ya Politecnico di Milano kupinga kodi za vyumba, na hema zikaenea miji mingine. Mwenye nafasi ya kuchagua aangalie miji midogo yenye vyuo vikongwe, kama Siena, Macerata au Urbino.

Niseme pia habari ya Napoli, ingawa inanitoa kidogo kwenye njia. Chuo cha L'Orientale cha mji huo kimefundisha Kiswahili kwa miongo mingi. Marehemu Elena Bertoncini Zúbková, ambaye kitabu chake juu ya historia ya fasihi yetu kinatumika hadi leo, alikuwa mwalimu pale. Kijana wa Kiswahili anayekwenda Napoli anakwenda mahali ambapo wapo Waitaliano wa umri wake wanaohangaika na ngeli. Hao ndio wa kuketi nao. Saa moja wewe unawasahihisha Kiswahili, saa inayofuata wao wanakusikiliza ukijieleza kwa Kiitaliano juu ya kitabu cha mtihani. Maandalizi bora ya mtihani wa mdomo ninayoyajua ni hayo, na ni ya bure. Wengi wa vijana wetu wanamaliza muhula wakiwa wamekaa na wageni wenzao, wakiongea Kiingereza.

Sasa nini kifanyike. Kwanza, mkataba wa muhula wa kwanza uishe mwisho wa Februari, na posho ifike hapo. Bila hilo mengine yote yanapungua nguvu. Kwa vyuo vyetu vingi muhula wa kwanza ndio unaofaa zaidi, kwani anayekwenda Februari kwa ajili ya muhula wa pili huwa anaiacha UE ya nyumbani katikati. Kinachogongana na Septemba ni fildi, na hiyo idara ina uwezo wa kuipanga upya. Pili, kozi nne zinatosha. Mwenye kozi sita anajidanganya, na aliyemsainia anamdanganya zaidi. Tatu, kila idara inayopeleka mwanafunzi ikae, hata saa mbili, iandike njia yake ya kuhesabu krediti na ya kulinganisha alama, ipitishwe na seneti, isiguswe hadi kijana arudi.

Nne, tuwafanyishe mtihani wa mdomo kabla hawajaondoka. Hili halihitaji fedha ya mradi. Mpe mwanafunzi kitabu kimoja kizima, si sura, mpe wiki tatu, mwite ofisini, mkalishe mbele ya wahadhiri wawili, mmojawapo asiyemjua. Mkatize. Mwulize mwandishi amekosea wapi. Akinyamaza, usimsaidie. Wengi watatoka jasho mara ya kwanza, na wafanye hivyo Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi, pale ambapo alama haiandikwi popote. Na akishafika Italia, azingatie kwamba mtihani wa mdomo huko, kwa kanuni, ni wa hadhara. Mlango uko wazi. Siku ya appello ya kwanza ya kozi yoyote ya profesa wake anaweza kuingia, kuketi nyuma na kusikiliza wenzake wakiulizwa. Waitaliano wanafanya hivyo na daftari mkononi, wakiandika maswali.

Wewe uliyepata barua ya kuondoka Septemba hii, koti utalinunua huko, na masoko yao ya mitumba ni mazuri. Kesho asubuhi nenda kwa mkuu wa idara yako na karatasi ya kozi, mwombe aandike kwa mkono wake CFU 6 ni krediti ngapi za hapa na 27 ni alama gani, asaini, apige mhuri. Akikuambia mtaongea ukirudi, usitoke ofisini.